Dada anataka ghaghra ya mama iuzwe, mdogo wangu anataka aolewe nayo

Somo yangu, assalaam alaykum.

Mimi ni mtoto wa kati katika mabinti watatu, naishi Mombasa. Familia yetu ni Waislamu wa Kisunni wenye asili ya Kutch, kule Gujarat, India, ingawa Kiswahili ndicho tulichokulia. Baba alitangulia zamani, na mama ametutoka mwaka jana. Hatuna kaka, na mama hakuacha ndugu isipokuwa dada yake mmoja, ambaye sisi humwita masi.

Katika vitu alivyoacha mama kuna ghaghra ya harusi. Bibi mzaa mama aliolewa nayo Mandvi, huko huko Kutch, kabla ya kuletwa huku, na mama akaivaa usiku wa kupambwa kwake. Ni atlasi nyekundu, sketi pana yenye marinda, imejaa tausi, kasuku na maua ya hariri. Mishono yake ni midogo sana, imeshikana kama mkufu, sioni ilipoanza wala ilipoishia. Chini imezungushwa pindo la zari, upana wake kama kiganja changu. Pia kuna choli, yaani blauzi fupi, na mtandio. Ukiinyanyua yote kwa pamoja, mikono inachoka.

Tatizo ni kuwa kitambaa kimechakaa. Pale kilipokunjwa miaka yote, hariri imepasuka mistari mistari, hasa kiunoni. Pindo limepiga weusi mahali pengi.

Mdogo wetu anaolewa mfungo mosi, inshallah, miezi mitano kutoka sasa, na amesema hataki nguo nyingine ila hiyo. Dada mkubwa anasema huo ni utoto. Amepata dalali anayenunua zari za zamani kwa uzito. Huchoma kitambaa akabaki na madini ya fedha. Dada anataka tuuze, tuongeze kidogo, tuagize lehenga, yaani sketi ya harusi ya Kihindi, ya mahameli kutoka soko la Chandni Chowk, Delhi. Muuzaji ameshamtumia picha kwa WhatsApp, na kwa kweli inapendeza. Lazima niseme haki: ukumbi, chakula na mapambo yote yako mgongoni kwa dada, na ana watoto wanaosoma.

Masi naye alipopendekezewa tukate sehemu nzuri tuzishonee nguo mpya, alilia. Akasema makasi yakigusa kitu cha mama yake, tusimhesabu harusini.

Ufunguo wa sanduku uko kwangu. Mama aliponikabidhi alisema neno moja tu, "Itunze." Sasa simu ya dada ikiita napokea tumbo likiwa joto. Niiuze, niikate, nimpe bi harusi aivae hivyo hivyo, au niifungie tu?

Dada wa kati, Mombasa

* * *

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mungu amrehemu mama yako, na awape nyote subira.

Nianze na ule ufunguo, kwa sababu nadhani ndio unaokunyima usingizi. Kukabidhiwa ufunguo ni amana, si milki. Ghaghra ile ni mirathi. Nyinyi watatu mna mafungu sawa katika alichoacha mama, na masi wenu naye, kwa Sunni, ana fungu: marehemu akiacha mabinti bila mtoto wa kiume, na baba yake na kaka zake wakawa hawapo, dada yake wa baba na mama mmoja huchukua kinachobaki baada ya mabinti kupata thuluthi mbili. Kadhi atawahakikishia hesabu hiyo. Kwa hiyo dada hawezi kuuza bila kuridhiwa, wewe huwezi kuificha milele, na machozi ya masi si machozi ya mtu wa pembeni. Mkilijua hilo wote wanne, mazungumzo yatakuwa mengine. Hutakuwa tena askari mlangoni. Utakuwa mmoja wa wenye mali.

Sasa tumtazame huyo dalali, maana nataka ujue hasa anachotaka kununua.

Zari ya kweli, ile iliyofanya mji wa Surat ujulikane, ni waya wa fedha uliovutwa mpaka ukawa mwembamba kama unywele, ukagongwa ukawa bapa, ukazungushwa juu ya uzi wa hariri, kisha ukapakwa dhahabu. Dhahabu ni ngozi nyembamba tu ya juu. Anayenunua kwa uzito analipia fedha iliyomo ndani, akishatoa hariri, akishatoa kinachopotea motoni, akishatoa faida yake. Na zari kwenye nguo yako, kwa ulivyoeleza, iko kwenye pindo. Wale tausi na kasuku ni hariri tupu. Kwake yeye wataungua wawe majivu na hatatoa hata shilingi kwa ajili yao. Yaani sehemu iliyo bora kabisa katika nguo ile, katika mizani yake haina bei.

Na ni bora kweli. Hariri juu ya atlasi, mishono ya mkufu isiyoonekana mwanzo wala mwisho, tausi na kasuku: hiyo inaelekea sana kuwa kazi ya Wamochi wa Bhuj, mji mkuu wa Kutch, ambao hauko mbali na Mandvi. Asili yao ni mafundi wa ngozi. Walikuwa wakitoboa ngozi kwa chombo chenye ncha ya ndoano, na chombo hicho, aari, wakakihamishia kwenye hariri. Kitambaa hutandazwa kikavutwa kwenye fremu ya mbao. Mkono wa juu unashika aari, mkono wa chini uko chini ya kitambaa na uzi, hauonekani. Ndoano inazama, mkono wa chini unaivisha uzi kwa kupapasa tu, ndoano inapanda na kitanzi, inazama tena ndani ya kitanzi kile kile. Ua moja dogo lina vitanzi vingi kuliko mtu anavyoweza kukaa kuvihesabu. Kazi hiyo ilitegemea sana jumba la mfalme wa Kutch na matajiri waliouzunguka ufalme ule. Ufalme ulipoingizwa katika India mwaka 1948 wateja wale wakatawanyika, na mafundi wengi wakaiacha. Leo ukitaka kuona kazi kama ya bibi yako utapelekwa kwenye jumba la makumbusho, kwa mfano lile la LLDC pale Ajrakhpur karibu na Bhuj, au Calico Museum kule Ahmedabad. Nyinyi mnayo sandukuni.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hapana. Msiuze kwa kuchomwa. Hilo nalisema bila kuzunguka.

Lakini na mdogo wako naye asiivae. Najua atanichukia kidogo. Hariri iliyopasuka mistari kwenye mikunjo imeshakauka ndani. Nyuzi zake zinavunjika, hazivutiki tena. Ghaghra inaning'inia kutoka kiunoni, na uzito wote wa sketi na pindo unaangukia palepale ulipoona mipasuko. Akipanda ngazi za jukwaa mara moja, kitambaa kitaachia. Fundi akikuambia ataitia bitana na kuipitisha chini ya cherehani, mshukuru na uondoke, kwa sababu sindano ya cherehani kwenye hariri ya namna hiyo inatoboa mstari mwingine wa kupasukia.

Hapa ndipo nataka usome taratibu. Fungua sanduku mchana, tandika shuka safi kitandani, nawa mikono uikaushe, vua pete na bangili, kisha ugeuze upindo wa ghaghra utazame kwa ndani. Pindo pana la zari kwenye ghaghra za aina hiyo mara nyingi halikutariziwa juu ya sketi yenyewe. Hutengenezwa kama utepe mrefu peke yake, kisha hushonwa juu ya sketi kwa mkono, kwa mshono wa kawaida wa uzi. Ukiona mistari miwili ya mishono midogo, mmoja juu na mmoja chini ya pindo, basi umepata dawa ya ugomvi wenu. Pindo hilo linaweza kufumuliwa. Hakuna makasi yatakayogusa zari wala atlasi. Kinachokatwa ni uzi ulioliunga, na uzi huo pengine umeshabadilishwa zamani.

Mpelekee masi habari hii wewe mwenyewe, tena kwa kukaa naye, si kwa simu. Mwonyeshe mishono. Muulize kama ana kumbukumbu ya mama yake akilihamisha pindo, maana wanawake wa Gujarat walikuwa na desturi hiyo: sketi ikichakaa, pindo zuri linatolewa na kuvalishwa sketi mpya. Sitashangaa akikwambia kuwa hata sketi hiyo mnayoiona siyo ya kwanza kubeba pindo hilo. Na akikubali, mwombe awepo siku ya kufumua, ashike yeye upande mmoja.

Kabla ya yote lakini, mjue zari yenu ni ya aina gani. Weusi uliouona ni dalili njema: fedha ikizeeka hewani hupiga weusi. Zari ya shaba iliyopakwa juu huelekea wekundu na mara nyingine ukijani. Ya plastiki, ambayo imejaa kwenye nguo za leo, haipigi weusi. Inachubuka ikabaki kama karatasi. Mkitaka uhakika, tafuta uzi mmoja uliojitokeza wenyewe upande wa ndani, si wa mbele, umpelekee sonara ausugue kwenye jiwe lake. Uzi mmoja unatosha. Na tafadhali, weusi huo usiuguse. Najua kuna watu watakuambia limau, magadi, dawa ya meno, au ile dawa ya kung'arishia vyombo vya fedha. Vyote vinaweza kuiharibu ngozi ya dhahabu iliyobaki, na maji yake yanatiririka kwenye hariri. Taa za ukumbini zitawaka juu ya zari ya zamani kwa namna ambayo zari mpya haiwezi, weusi na yote.

Pindo likishatoka, lisishonwe moja kwa moja kwenye nguo mpya. Tafuteni melimeli iliyofuliwa mara kadhaa mpaka wanga wote utoke, mkate utepe mpana kidogo kuliko pindo, mlipige bandi pindo juu ya utepe huo kwa mkono, kwa sindano nyembamba na uzi wa pamba. Halafu utepe wa melimeli ndio ushonwe kwenye sketi ya bi harusi. Baada ya harusi mtafumua utepe, na pindo litarudi nyumbani bila kuchomwa sindano ya pili. Gundi isikaribie. Pasi isikaribie.

Sasa ile lehenga ya Delhi. Mimi sina ubaya na Chandni Chowk. Ni soko ambalo mabibi harusi wa India yote wanakwenda, na kazi nyingi inayouzwa pale hutoka kwa mafundi wa Bareilly, Lucknow, Agra na Delhi yenyewe, ambao wanatarizi zardozi, yaani tarizi ya waya wa rangi ya dhahabu na fedha, kwenye fremu zile zile, kwa waya uliozungushwa kama springi, puleki na shanga. Zardozi ya Lucknow imesajiliwa kama bidhaa ya mji huo tangu 2013. Lakini hapo hapo panauzwa kazi ya mashine kwa bei ya kazi ya mkono, na picha ya WhatsApp haitakuonyesha tofauti. Mwambie dada amwombe muuzaji video ya upande wa nyuma. Kazi ya mkono nyuma yake ina mafundo, nyuzi zinaruka kutoka ua hili kwenda lile, na hakuna maua mawili yanayofanana sawasawa. Kazi ya mashine nyuma yake imetulia sana, uzi wa chini ni wa rangi moja tu, na mara nyingi kuna mabaki ya kitambaa kigumu kama karatasi kilichowekwa kushikilia. Muuzaji anayekataa kuonyesha nyuma, muacheni.

Hata hivyo hamhitaji tena lehenga iliyojaa. Mnahitaji iliyo tupu. Agizeni sketi ya hariri nzito au mahameli isiyo na tarizi, au shoneni hapo hapo Mombasa, pamoja na choli na mtandio wenye mapambo machache. Bei ya lehenga ya harusi inapandishwa na tarizi, na tarizi mnayo. Dada atakuta gharama imeshuka chini ya ile aliyokuwa anaipigia hesabu, bila kuuza chochote.

Jambo moja msilisahau: pimeni urefu wa pindo kwanza, kisha ndipo mtoe vipimo vya sketi. Lehenga za siku hizi hukatwa kwa vipande vingi ili zitanuke sana chini, na mzunguko wake unaweza kuzidi wa ghaghra ya bibi. Mkiagiza kwanza halafu pindo likapungua nusu mita, mtaanza kutazamana, na mtu atakumbuka makasi. Mzunguko wa chini wa sketi mpya uwe sawa na pindo au pungufu kidogo. Mwambieni fundi pia aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya choli, kwa sababu mabibi harusi hupungua miezi ya mwisho. Na msingoje, miezi mitano inatosha kwa nguo isiyo na tarizi, ila pindo lenyewe linahitaji mikono isiyo na haraka.

Siku gani avae nguo mpya yenye pindo hilo? Si siku ya hina, rangi ikidondoka hakuna wa kuitoa. Usiku wa kupambwa, kama mama yenu. Pale anakaa, anatazamwa, hachezi. Marashi apakwe mwilini na yakauke kabla hajavalishwa, kwa sababu yanatia madoa kwenye hariri na yanaiharibu zari. Udi ufukizwe chumbani, chetezo kisiwekwe chini ya sketi.

Nirudi kwa dada yako mkubwa, kwa kuwa nahisi ndiye ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Umesema mwenyewe kuwa ukumbi, chakula na mapambo viko mgongoni kwake. Mtu anayetaka kuuza nguo ya harusi ya mama yake mwaka mmoja tu baada ya msiba, mara nyingi ana deni ambalo hajalisema. Usiende kwake na habari za Wamochi na makumbusho. Nenda na karatasi ya hesabu. Muulize, "Dada, tumepungukiwa kiasi gani?" Kisha wewe na mdogo wako mtaje mtakachobeba, hata kama ni kidogo, hata kama ni kupunguza wageni. Huyo mdogo anayetaka nguo ya historia naye achangie harusi yake. Kama ana mahari anayotarajia, ni haki yake peke yake, lakini hakatazwi kuwa na huruma. Dada akishaona hayuko peke yake, suala la dalali litajifia.

Na sketi yenyewe, baada ya pindo kutoka, irudi sandukuni kwa njia nyingine. Isikunjwe pale ilipopasuka. Iviringwe taratibu kwenye bomba la karatasi ngumu lililofunikwa melimeli, kazi ya tarizi ikiangalia nje, kisha ifungwe melimeli juu. Mfuko wa plastiki usitumike, hewa yetu ya bahari ina unyevu na plastiki inaufungia ndani. Vidonge vya nondo visiguse hariri wala zari. Karafuu kwenye kifuko cha kitambaa, pembeni ya sanduku, zinasaidia, na uzibadilishe zikipoteza harufu. Sanduku lisikae ukutani penye unyevu. Mara moja kila kaskazi, siku kavu, ifungue kivulini, itazame, iviringe upya.

Mkae wanne, siku moja, na sanduku liwe katikati yenu. Andikeni karatasi: nani ana fungu gani, nani anaitunza, na kwamba binti yeyote wa ukoo huu akiolewa ataazimwa pindo na kulirudisha. Masi atie sahihi wa kwanza.

Yule dalali akipiga simu tena, mwambieni haiuzwi. Ila muulizeni kama dukani kwake ana kipande cha pindo la zamani kinachofanana na hilo ambacho hajakichoma bado, kwa sababu mikono ya choli itahitaji kiasi cha mita moja.

Somo yako